Waliomdai Mdogo Wangu

Walisema sitaweza. Wengi wao wangali hai, na leo tukikutana barabarani hunipa mkono kwa heshima, basi si vibaya nikiwakumbusha. Walisema mtoto wa mjane wa Malindi, aliyekuwa akiuza kaimati asubuhi kabla ya kwenda shule, hatafika Uingereza. Nikafika. Walisema nitaishia kuosha sahani za watu. Nikaosha sahani, kweli, na kwa ujira wa sahani hizo nikajilipia chuo mwenyewe, nikapata diploma ya elektroniki bila senti ya mtu. Nilirudi katikati ya miaka ya themanini, diploma imo ndani ya bahasha ngumu, na kompyuta ndogo ya mkono wa pili imefungwa ndani ya sweta mbili kwenye sanduku.

Hapo wakaanza upya. Jioni ya kwanza nilipokaa barazani kwetu, karibu na msikiti, mzee mmoja jirani aliniuliza, "Sasa hiyo diploma ni ya kufanya nini hasa?"

"Nitaifanya pampu ya kampuni ya chumvi, kule Gongoni, ijiwashe na kujizima yenyewe."

"Yenyewe? Mwanangu, hata punda wa Gongoni hajiwashi mwenyewe asubuhi. Hupigwa fimbo kwanza."

Wakacheka wote. Aliyecheka zaidi ni Mhindi muuza redio, ambaye duka lake lilikuwa likitazamana na baraza letu. "Bwana Diploma," alisema, na jina hilo halikunitoka tena, "ikikataa kujizima, chumvi yote utaila wewe."

Nilijua ninalolijua.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Mama yetu alituzaa wawili tu. Mungu amrehemu mdogo wangu, alizaliwa na ugonjwa wa damu uliokuwa ukimshika viungo. Wiki tatu atakuwa mzima, anaimba jikoni, na ya nne yumo kitandani hawezi hata kuguswa mkono. Alisoma hadi kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa, akaandikwa kazi katika ofisi moja mjini. Hawakumvumilia. Alipougua mara ya tatu walimwambia asirudi.

Nilimkuta nyumbani, amekonda, macho yake makubwa kuliko nilivyoyaacha. Nikamuuliza nimpe nini, kwa kuwa nimerudi. Nilitarajia ataje nguo.

"Kazi," alisema. "Kazi ya kukaa kitako, humuhumu ndani. Kazi isiyoninunia nikiugua."

Nikamwahidi. Yote niliyoyafanya mwaka ule niliyafanya kwa ajili ya neno hilo.

Meneja wa kampuni ya chumvi alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti na mwingi wa maswali. Nilimweleza kwamba nitatengeneza bodi ndogo, kompyuta isiyo na kioo wala vitufe, itakayokaa ndani ya sanduku kando ya pampu. Maji ya bahari yakipanda mferejini, boya litainuka, bodi itajua, pampu itawaka na kuyavuta hadi kwenye majaruba ya kukaushia chumvi. Yakifika kiasi chake, itazima. Hakuna mtu wa kusinzia pampu ikaungua.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe leo uko hapa. Kesho Ulaya watakuita, utakwenda. Nikitaka kubadilisha kazi ya pampu, nitamwita nani?"

"Utaniita mimi, nitarudi."

"Sitaki mashine inayomjua mtu mmoja. Nipe na vyombo vyake, mtu mwingine aweze kukaa mjini na kuiandikia maagizo mapya. Huyo nitamlipa kila mwezi."

"Mtu huyo ninaye tayari," nilimwambia.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi waliisifu bila kuielewa. Bodi ile ya pampu haikuweza kuandikiwa kitu papo hapo; haikuwa na pa kuandikia. Maagizo yake ilibidi yaandikwe kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, ambayo ilikuwa na ubongo wa aina nyingine kabisa. Basi kwanza nilitunga programu ya kufasiri, inayochukua maneno tunayoyaelewa sisi na kuyageuza kuwa namba zinazoeleweka na bodi ya Gongoni. Namba hizo zikichomwa ndani ya chipu, kidude chenye miguu ya chuma, chipu inapachikwa kwenye bodi, na bodi inatii. Kila mtu aliyesoma angeweza kufanya hivyo mara moja, kwa mikono yake. Kumfungia mtu mwingine uwezo huo ndani ya sanduku, afanye bila ya kukuuliza, hilo ndilo wachache wanaliweza. Nililiweza.

Lakini kompyuta yangu ilihitaji televisheni iwe kioo chake, na redio kaseti ya kuhifadhia programu, na meza isiyotikisika, na betri ya kututoa umeme ukikatika, nao ulikatika kila ulipopenda. Fedha zangu zilikuwa zimekwisha kwenye vipuri. Nikamwambia mdogo wangu, "Nenda kwa Mhindi hapo, mwambie kaka yangu aliyesoma anaazima televisheni. Kisha pita kwa maalim wa chuo cha Kurani umwombe redio yake."

Televisheni ikaja, juu ya kichwa cha hamali. Redio kaseti ikaja, ile ambayo maalim wa chuoni alikuwa akiwasikilizishia wanafunzi wake visomo. Meza ikaja kutoka kwa mama mshonaji, mjane wa mtaa wa nyuma, na betri ya lori ikaletwa na mkulima wa Jilore aliyekuwa akituuzia mahindi. Nilivitazama vitu vile chumbani nikasema, "Unaona? Wanacheka barazani, lakini wanajua thamani ya mtu."

"Naona, kaka," alisema mdogo wangu, akaendelea kufuta vumbi.

Alijifunza haraka. Hilo lisishangaze mtu, tulikuwa damu moja. Vidole vyake vilikuwa na mazoea ya taipureta, na siku ambazo viungo vilimruhusu alikaa pale mezani tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri. Maneno ya maagizo nilikuwa nimeyaweka kwa Kiingereza, kama nilivyofundishwa. Akayakataa.

"Pampu iko Gongoni, boya liko Gongoni, anayepiga vitufe ni mimi. Huyo Mwingereza amekaa wapi humo ndani?"

"Ndiyo desturi ya kazi."

"Mimi siku ya maumivu hata Kiswahili hunipotea. Andika WASHA. Andika ZIMA. Andika NGOJA."

Nikaandika. Na kwa kweli ilipendeza kuona kwenye kioo cha televisheni ya kijivujivu: PIMA BOYA, NGOJA, WASHA PAMPU.

Chipu iliyokwisha kuchomwa huweza kufutwa ikatumiwa tena, lakini hutaka taa maalumu, na taa hiyo sikuwa nayo. Nilijua jua kali hufanya kazi hiyo hiyo, ila polepole. Chipu za aina ile zina kidirisha cha kioo mgongoni. Mdogo wangu akazipanga kwenye ungo uani, vidirisha vikitazama juu, kando ya pilipili za mama zilizoanikwa. Kunguru wakaja. Kunguru wa Malindi hupenda kinachong'aa, na mmoja akaondoka na chipu mdomoni hadi juu ya mnazi wa jirani.

"Haya," mdogo wangu alipiga kelele, akicheka na kujishika ubavu, "huyo naye anakwenda kusomea diploma!"

Tangu siku hiyo akawa anakaa uani na kanga yake, anawafukuza. Mama alipita akasema maisha yake yote hakudhani atamwona binti yake anachunga wadudu wa chuma.

Tatizo lililonisumbua lilikuwa jingine. Kampuni ilibadilisha mawazo. Mara wanataka boya la pili, mara pampu nyingine, mara kengele. Kila badiliko, bodi ilibadilika waya zake, na kila kitu kwenye kaseti za mdogo wangu kikawa hakifai: mfasiri halijui boya la pili, maagizo yanawasha pampu isiyokuwepo, na maelezo yanasema uongo. Nilirekebisha kwa mkono mara mbili, nikachoka. Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa bora kuliko diploma yenyewe. Nilitunga programu mama. Unaipa sifa za bodi tu, mguu huu ni wa boya, mguu ule ni wa pampu, nayo inazalisha seti nzima upya, mfasiri na maagizo, mpaka maelezo ya kusoma kwenye kioo. Unaweka kaseti tupu, unakwenda kunywa chai, ukirudi seti ipo, mpya, inaafikiana na bodi iliyoko Gongoni. Kule nilikosomea walikuwa na vyumba vizima vya mashine. Mimi nilifanya hayo kwa televisheni ya kuazima, kwenye chumba cha mama chenye harufu ya pilipili.

Tulipoipeleka bodi Gongoni ilifanya kazi siku chache, kisha ikaanza kusahau. Inawasha, haizimi. Barazani wakapata karamu.

"Bwana Diploma, nasikia pampu imesahau masomo."

"Iletwe chuoni kwa maalim, ipigwe bakora."

Nilikwenda Gongoni, nikasimama mbele ya lile sanduku la bodi tangu asubuhi. Meneja alikuwa ameomba mlango wake uwe wa kioo ili aione ikifanya kazi. Saa tisa alasiri jua likageuka, likapenya kioo, likatua juu ya chipu. Nikacheka peke yangu pale kwenye chumvi. Tulikuwa tunaianika programu yetu kama pilipili. Niliporudi na kumweleza mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa, akafungua pochi yake akanipa plasta alizokuwa akipewa hospitali. Nikaichoma chipu upya, nikabandika moja juu ya kile kidirisha, na pampu haikusahau tena.

Baada ya hapo meneja akaja nyumbani mwenyewe kuijaribu seti. Alikunywa kahawa ya mama, kisha akanigeukia. "Wewe toka nje."

Nikakaa barazani, nimeupa mlango mgongo. Nilimsikia akimwambia mdogo wangu kwamba maji ya mwanzo ya mferejini huja na matope. Anataka boya likiinuka pampu isubiri kwanza, matope yapite. Kisha nikasikia vitufe. Vikanyamaza. Vikaendelea. Niliumwa na hamu ya kuingia, maana nilijua mahali pa kuongeza lile neno, na kumwachia mtu kazi unayoiweza wewe ni adhabu. Sikuingia. Hatimaye nikasikia kaseti ikigeuzwa, na mdogo wangu akisema, "Hii hapa chipu yako, bwana meneja. Plasta nimekwisha ibandika."

Aliipachika mwenyewe Gongoni. Kesho yake alituma mtu na maneno machache: pampu inasubiri kama ilivyoambiwa, na dada aanze kazi mwisho wa mwezi.

Mdogo wangu hakurukaruka. Alikwenda chumbani akaifunika televisheni kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Kisha akaniambia, "Sasa nitaweza kuwalipa watu." Nilidhani anasema juu ya mama na mimi, tuliomlea.

Mwisho wa mwezi haukufika. Masika ilianza mapema mwaka ule, ikaja na baridi yake, na baridi ndiyo iliyokuwa adui yake. Viungo vilianza, kisha kifua. Tulimpeleka hospitali akiwa amefungwa kwenye mablanketi, na bado anatetemeka. Nilikaa naye mchana. Nilimweleza habari za pampu, kwamba inakwenda vizuri, kwamba meneja anamuulizia. Alikuwa akisikiliza kwa macho.

Siku moja alinivuta mkono. "Vitu vya watu, kaka. Usiviache vikae."

"Vitarudi. Usijali. Watu hao wananiamini."

Nadhani alitaka kusema jambo, akaliacha. "Ndiyo," alisema, "wanakuamini."

Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, mama akimsomea.

Kwetu, kabla ya maiti kuswaliwa, jamaa wa karibu husimama mbele ya watu akasema kwamba aliyekuwa na haki kwa marehemu aje kwake, amchukulie yeye kuwa ndiye mwenye deni. Maiti huzuiliwa na deni lake. Hatuachi azikwe na kitu cha mtu shingoni. Nilisimama msikitini nikasema maneno hayo kama yanavyosemwa. Niliyasema kwa kutimiza desturi tu. Msichana aliyekuwa hatoki nyumbani, ambaye nguo zake za sikukuu zilikuwa mbili, atadaiwa nini na nani?

Tulipotoka makaburini na watu wakakaa kwenye mikeka ya matanga, maalim alikuja akakaa ubavuni kwangu. Alikuwa na haya, akizungusha tasbihi.

"Mwanangu, si kwa ajili ya kaseti. Kaseti si kitu. Lakini umesimama ukasema, nami nikinyamaza nitakuwa namzuia aliko. Redio ile nilimwazima yeye."

"Uliniazima mimi, maalim. Nilimtuma."

Alitikisa kichwa. "Alikuja kwa jina lako, nikamwambia sina. Akarudi siku ya pili, akasema, basi niazime mimi, na nikifa nayo nidai mimi. Huyo sikuweza kumkatalia."

Nikadhani maalim amezeeka. Lakini Mhindi wa redio alikuwa amevuka barabara, amekaa mwisho wa mkeka na kofia yake mkononi. Alingoja watu wapungue, akasogea.

"Televisheni ile," alisema, "nilimpa dada yako."

"Na wewe pia?"

"Bwana Diploma, usikasirike, leo si siku ya kukasirika. Wewe ungekuja dukani ungeniambia napata bahati ya kukuazima. Singekupa hata balbu. Yule alikaa kwenye kigoda, hawezi kusimama, akaniambia: hii ni ya kazi yangu, nitakuletea kidogo kidogo. Ningefanyaje?"

Niliinuka nikaingia ndani kwa mama. Alikuwa amekaa kati ya wanawake. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, na meza? Na betri?

"Vyote," alisema mama. "Alizunguka mwenyewe, kwa miguu ile. Alinikataza nisikwambie. Alisema utaumia, na ukiumia hutamaliza kazi."

Mimi niliyejilipia chuo kwa sahani, niliyetoka nchi ya watu bila ya deni, nilikuwa nimefanyia kazi vitu vya mgonjwa mwaka mzima, na wakopeshaji wakinitazama nikipita barazani. Sikulia makaburini. Nililia hapo, mlangoni, mbele ya wanawake wa mtaa.

Televisheni ilikuwa imekwisha kuungua. Wiki ile tuliyokuwa hospitali umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukatoa moshi ndani yake. Redio ya maalim ilikuwa imechoka kichwa kwa kugeuzwa kaseti mchana kutwa. Sikutaka kumrudishia mtu kitu kibovu kwa niaba ya mdogo wangu. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia anunue kila kitu: kompyuta, kifaa cha kuchomea chipu, kaseti zote pamoja na programu mama.

"Na nani atakaa nayo?" aliuliza.

"Yeyote. Ndivyo ulivyotaka."

Alimkalisha karani wake wa Gongoni, kijana aliyekuwa hajawahi kuigusa kompyuta. Alisoma maelezo kwenye kioo, akaandika PIMA, akaandika NGOJA, akachoma chipu yake ya kwanza bila ya kuniuliza neno. Niliambiwa hivyo na meneja mwenyewe, akinipongeza. Hakuna fundi wa pwani hii aliyewahi kupongezwa vile, nami nilirudi Malindi nikiwa sitaki kuonana na mtu.

Malipo yaliponifikia nilikwenda Mombasa nikanunua televisheni, nzuri kuliko ile iliyoungua, na redio kaseti mpya ndani ya boksi lake. Siku ya Alhamisi asubuhi nilikodi mkokoteni. Sikumtuma mtu. Nilianza kwa Mhindi, nikaiweka televisheni juu ya kaunta yake. Barazani walikuwa wamekaa walewale, na hakuna aliyecheka.

"Hii ni kubwa kuliko yangu," Mhindi alisema.

"Yako ilikaa kwetu muda mrefu. Sema tu kwamba humdai."

Aliweka mkono kifuani. "Simdai."

Maalim alisema hivyo hivyo, akaniombea dua ndefu niliyoshindwa kuitikia. Betri niliipeleka Jilore kwa gari la mahindi. Yule mkulima alikuwa hajapata habari za msiba. Alinipokea akicheka, akamuulizia msichana wangu mwembamba yu hali gani. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye magunia yake, betri ikiwa bado mikononi mwangu.

"Simdai, mwanangu," alisema. "Wala sikuwa namdai."

Wa mwisho alikuwa mama mshonaji. Yeye tangu atupe meza alikuwa akishona sakafuni, cherehani ya mkono ikiwa juu ya sanduku. Niliifuta meza nikamsukumia dirishani, nikatoa na pesa za mwaka mzima aliokaa bila meza. Hakuzigusa.

"Meza nimeipokea. Hizo rudisha mfukoni."

"Shikamoo mama, naomba uzichukue. Sitaki abakiwe na kitu."

"Marahaba. Hana kitu kwangu, nilimsamehe siku ile ile ya kuzikwa. Unayetaka kulipa ni wewe, na mimi wewe sikudai."

Nilizirudisha mfukoni. Jua lilikuwa la alasiri niliporejea nyumbani. Mama alikuwa mlangoni, amesimama, ananingoja.

"Wote?" aliniuliza.

"Wote, mama. Hadaiwi."

"Hata mtu mmoja?"

"Hata mtu mmoja."

Aliingia kwenye kile chumba tulichofanyia kazi, ambacho sasa hakikuwa na kitu, akaketi sakafuni katikati, akanyoosha miguu.